Kuchakura Hafunzwi, Kutoka Hufunzwa

Mhariri alipotutaka kila mmoja alete insha ya jambo aliloliona kwa macho yake mwenyewe, wengi walikimbilia safari za Mombasa na harusi za akina shangazi. Mimi naleta habari za kuku. Tafadhali msicheke kwanza. Kuku hao ndio waliomlipia mdogo wangu karo, na nusura wasimlipie kwa sababu moja tu: walikataa kutoka nje ya banda.

Sote tumekariri methali isemayo kwamba mwana wa kuku hafunzwi kuchakura. Tumeitia katika insha hata mahali ambapo haikuhitajika, mradi mwalimu aone kwamba tunazo methali. Waama, methali hiyo ni ya kweli, nami ni shahidi. Lakini yako mambo ambayo mwana wa kuku hufunzwa, tena asipofunzwa huumia. Kuchakura hafunzwi, kutoka hufunzwa. Sikilizeni.

Mwishoni mwa mwezi wa Agosti, mama yangu alinunua vifaranga 60 wa siku moja. Walikuwa wale kuku wa kienyeji walioboreshwa ambao siku hizi wamejaa kila kijiji. Rangi zao ni za kila aina kama za kuku wa nyanya, lakini hukua upesi zaidi. Mama ni fundi cherehani pale sokoni Voi, na pesa hizo alizipata zamu yake ilipofika katika chama cha akina mama cha kuchangiana. Hesabu yake ilikuwa wazi. Mdogo wangu wa kike alikuwa anamaliza gredi ya tisa, na Januari angeitwa shule ya bweni. Majogoo wangeuzwa ili kulipa karo na kununua godoro, sanduku na sare. Matembe wangebaki kutaga.

Sisi twakaa chini ya kilima cha Sagalla, upande wa kusini wa mji wa Voi. Nyinyi mnaotoka milimani kule Dawida, kwenye migomba na ukungu, huenda msielewe jua la kwetu. Ni jua la kupasua mawe. Udongo ni mwekundu, upepo ni wa vumbi, na mvua ni ya kubahatisha. Hata hivyo, usiku wa Agosti una baridi yake, na kifaranga wa mashine hana mbawa za mama za kujifichia. Basi mama aliwaweka katika chumba cha nje, akawazungushia kadibodi na kuwawekea jiko la makaa. Afisa wa mifugo alikuwa amemwambia kwamba wiki ya kwanza kifaranga anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha lipunguzwe kama nyuzi 3 kila wiki hadi aote manyoya. Mama hakuwa na kipimajoto. Aliwatazama vifaranga wenyewe. Wakirundikana karibu na jiko, ni baridi. Wakikimbilia ukingoni na kutweta midomo wazi, ni joto. Wakitawanyika na kulala kila mmoja apendapo, ni sawa.

Saba walikufa katika wiki za mwanzo, wakabaki 53. Walichanjwa kideri kwa tone la jicho, na baadaye wakachanjwa ndui ya kuku kwa kuchomwa kwenye ngozi ya bawa. Wiki ya 7 walihamishiwa banda jipya ambalo mjomba alikuwa amelijenga juu ya nguzo. Lilikuwa na kuta za mbao na wavu, paa la mabati na mlango mdogo unaotazama mashariki.

Shule zilipofungwa mwishoni mwa Oktoba, nilikuta mama ana daftari mkononi na sura iliyokunjamana. Kuku wa umri ule hula kama gramu 65 kwa siku. Zidisha kwa 53, utapata kilo tatu na nusu hivi. Kwa hiyo mfuko wa kilo 50 ulikuwa unaisha kwa siku 14 au 15, na kadiri wanavyokua ndivyo wanavyokula zaidi. Mama alikuwa amebakiwa na pesa za mifuko mitatu tu. Wakiendelea kukaa ndani na kungoja kuletewa, chakula kingekwisha kabla ya Krismasi. Hapo ingebidi wauzwe wakiwa bado wadogo, kwa bei ya kutupa.

"Lazima watoke," mama akasema. "Nje kuna mchwa, kuna panzi, kuna majani na mbegu. Kuku gani huyu wa kukaa ndani kama bwana mkubwa?"

Basi asubuhi moja mlango ukafunguliwa. Sisi sote tukasimama pembeni kama watu wanaongoja mgeni wa heshima. Tukangoja, tukangoja. Wapi! Wale kuku walisogea hadi kama hatua moja kutoka mlangoni, wakanyoosha shingo, wakatazama nje kwa jicho moja halafu kwa jicho la pili, kisha wakarudi nyuma. Humo ndani walichakura maranda kwa bidii, kwa mguu wa kulia na wa kushoto, wakiruka nyuma kutazama walichofukua, jinsi kuku wote duniani wafanyavyo. Hakuna aliyewafunza. Methali ilikuwa imetimia mbele ya macho yangu. Lakini kuvuka ule ubao wa mlangoni, hakuna.

Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu akaja binamu yangu kutoka Mombasa, kijana mwenye haraka zake. "Mnawabembeleza kuku?" akauliza huku anacheka. Akachukua fito, akaingia bandani kwa mlango wa nyuma, akaanza kuwaswaga. Lo! Lilikuwa vumbi na kelele. Kumi au kumi na wawili walianguka nje, wakasimama juani wamepigwa na butwaa, kisha wakajipenyeza chini ya banda na kujikunyata kule kusikofikika. Waliobaki ndani walikimbilia pembe moja na kupandana, mmoja juu ya mwingine, hadi wakawa kichuguu cha manyoya. Mama alipiga ukemi. Alipowatoa mmoja mmoja, wawili wa chini kabisa walikuwa wamekosa hewa. Walikuwa wamekufa. Wakabaki 51.

Hakuna aliyemgombeza binamu sana, kwa sababu alikuwa na nia njema na majuto yalimwonekana usoni. Lakini kuanzia siku ile kuku walikuwa wakisikia hatua za mtu tu, wanakimbilia pembe ileile. Tulikuwa tumerudi nyuma kuliko tulikoanzia. Jioni mama alikaa kibarazani na daftari lake bila kuandika kitu. Mdogo wangu alikuwa kando yake, naye hakusema neno. Baadaye aliniambia chemchemi, yaani kwa kunong'ona, kwamba hata kuku wasipouzwa yeye hataumia, maana hataki kwenda bweni. Hajawahi kulala nje ya nyumba yetu hata usiku mmoja. Nilinyamaza. Sikuwa na jibu.

Siku ya tano nyanya alishuka kutoka Sagalla ya juu. Alikuja na kuku wake mmoja koo, mwekundu, amemfunga kamba mguuni na kumkumbatia kwapani. Tulimwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja bandani kabla hata ya kunywa chai. Alichuchumaa pale mlangoni muda mrefu. Hakutazama kuku. Alitazama nje, kule walikokuwa wanatazama wao.

"Mwanangu," akamwambia mama, "hebu chuchumaa hapa uone wanachokiona."

Mama akachuchumaa. Nami nikachuchumaa. Jamani, mbele ya ule mlango kulikuwa na uwanja mtupu uliofagiliwa vizuri sana, mwekundu na unaong'aa kwa jua la asubuhi lililokuwa linatupiga usoni moja kwa moja. Hapakuwa na jani wala kivuli. Juu palikuwa na mbingu tu.

"Huu uwanja ni mzuri kwa binadamu," nyanya akasema. "Kwa kuku hapa ni mahali pa kufia. Mwewe akipita, atajificha wapi?"

Baadaye shule zilipofunguliwa nilikwenda maktaba nikasoma juu ya mambo haya, nikaona kwamba nyanya na wataalamu wanasema lugha moja. Asili ya kuku wetu ni kuku mwekundu wa porini wa kusini-mashariki mwa Asia. Ndege huyo huishi chini ya vichaka na miti, huchakura majani makavu, na akiona kivuli kinapita juu hujitupa kichakani. Ndiyo maana hata kuku aliyezaliwa ndani ya mashine na kukulia chumbani huogopa mahali peupe. Woga huo si upumbavu. Umewaokoa babu zake.

Nilisoma pia kwamba mwaka 1873 Mwingereza mmoja, Douglas Spalding, aliandika juu ya vifaranga aliowachunguza. Aliona kwamba kifaranga mchanga hukifuata kitu cha kwanza kinachotembea mbele yake. Baadaye Konrad Lorenz wa Austria alilichunguza jambo hilo kwa mabata bukini, wakawa wanamfuata yeye kana kwamba ndiye mama yao. Mwaka 1973 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili kwa uchunguzi wa tabia za wanyama. Sasa fikirini. Kifaranga mwenye mama hutoka nje akiwa na siku mbili tatu tu, kwa sababu mbele yake kuna mama anayetembea na kuita "ko-ko-ko" kila apatapo punje. Hatoki kwa ushujaa. Anamfuata mtu. Wetu hawakuwa na wa kumfuata. Walichokijua ni jiko, kadibodi, na mlio wa kopo la chakula mkononi mwa mama.

Nyanya hakusoma Lorenz. Alifanya mambo matano, nami nayaandika kwa mpangilio ili mwenye kuku nyumbani apate kunufaika.

Kwanza, alitufanya tukate matawi ya mwarobaini, tukayapanga kuanzia mlangoni hadi kwenye kichaka cha ua, kama hatua kumi. Juu ya mlango tukafunga gunia kuukuu ili litoe kivuli. Kiza cha ndani na mwangaza wa nje vikakaribiana, asiwepo wa kupofushwa na jua.

Pili, aliukataa ule ubao mwembamba wa kushukia. Tulitafuta ubao mpana, tukaupigilia vijiti kama vidato vya ngazi, na kuuinamisha polepole. "Mguu ukiteleza mara moja," alisema, "kuku hausahau."

Tatu, alibadilisha saa. Sisi tulikuwa tunafungua asubuhi, wakati wameshiba na siku nzima ya hatari iko mbele yao. Yeye alisema chakula cha asubuhi kipunguzwe kidogo, na mlango ufunguliwe saa kumi na nusu jioni, jua likiwa limeelekea nyuma ya banda. Mimi nikauliza, "Nyanya, si ndiyo karibu usiku?" Akajibu, "Ndiyo sababu, mjukuu wangu. Kuku haoni gizani. Giza likianza, atatafuta pa kulala. Pa kulala panapojulikana ni pamoja tu. Nataka wafunzwe kurudi kabla hawajafunzwa kwenda mbali. Anayejua njia ya kurudi haogopi kutoka."

Nne, ni mchwa. Alichukua chungu kilichovunjika mdomo, akakijaza mabua na samadi kavu, akakinyunyizia maji kidogo na kukifudikiza juu ya njia ya mchwa jioni. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, alikifunua. Kilikuwa kimejaa mchwa tele! Tuliwahifadhi katika ndoo, tukaifunika kwa gunia lenye maji hadi jioni. Hakuna kitu ambacho kuku mchanga hupenda kuliko mchwa. Kazi hii yataka kuamka mapema, lakini haina gharama hata ya peni moja.

Tano, ni yule koo mwekundu. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu alikuwa nayo. Nyanya alimfunga kwenye kigingi hatua tatu kutoka mlangoni, chini ya matawi. Hakumwingiza bandani. Kuku wana vyeo vyao. Mwaka 1921 Mnorwe aitwaye Thorleif Schjelderup-Ebbe alieleza jinsi kuku wanavyojipanga kwa kudonoana, mkubwa akimdonoa mdogo, hadi kila mmoja ajue nafasi yake. Koo angeingia ndani angewachapa wale wadogo. Akiwa nje na kamba, aliweza kuonwa bila kuogopwa.

Jioni ya kwanza nyanya alitumwagia mchwa mbele ya koo, halafu akatuamuru sote tuondoke, tukae kibarazani tukiwa kimya. Koo alianza kuchakura na kuita. Ndani ya banda kelele zikakoma. Shingo zikaonekana mlangoni, mbili, tano, nane. Kulikuwa na tembe mmoja mdogo, kijivu, ambaye sikuwa nimemtambua kamwe siku zote. Huyo ndiye aliyeshuka vidato vitatu, akachukua mchwa mmoja aliyekuwa ametambaa hadi kwenye ubao, akarudi juu mbio kana kwamba ameiba. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya siku nzima: kuku mmoja, vidato vitatu, mchwa mmoja.

Binamu alishika kichwa. "Ati tumengoja hivyo kwa ajili ya huyo mmoja?" Nyanya akamwambia, "Kesho atakuja na wenzake."

Na kweli. Jioni ya pili walishuka saba. Ya tatu walishuka kama ishirini, lakini hawakupita kivuli cha matawi. Ya nne mama alileta lile kopo lake la chakula, akaligonga mara tatu kama alivyozoea tangu wakiwa chumbani, tena akaligonga akiwa nje. Walitoka kwa kundi! Nilitamani kushangilia lakini nyanya alinitupia jicho. Jua lilipotua, walianza kurudi wenyewe, mmoja mmoja, wakigombania vidato. Tukahesabu: 49. Wawili hawapo. Tulitafuta kwa tochi, tukawakuta wamejibanza juu ya tawi la chini. Nyanya hakukubali tuwaache walale huko. Tuliwabeba taratibu hadi kwenye fito za kulalia ndani. Kesho yake walirudi wenyewe wote 51.

Kuanzia hapo mlango ulifunguliwa mapema kidogo kila siku. Saa kumi, saa tisa, saa nane. Kufikia wiki ya tatu walikuwa wanatoka asubuhi na kufika hadi kwenye ua wa jirani.

Sitaki mdhani kwamba nje kulikuwa salama. Siku moja adhuhuri nilikuwa natandaza nguo kwenye kamba niliposikia jogoo mchanga mmoja akitoa mlio mrefu mwembamba ambao sikuwahi kuusikia. Kufumba na kufumbua, uwanja ulikuwa mtupu. Wote walikuwa chini ya matawi, kimya kama hawapo. Wote isipokuwa mmoja, aliyekuwa ameenda mbali na kivuli kufuata panzi. Mwewe alishuka kama jiwe na kupaa naye. Mama alitoka akapiga kelele na kurusha kanga, lakini wapi. Wakabaki 50.

Nilidhani mama atasema wafungiwe tena. Alisimama muda akitazama juu, kisha akasema, "Ongezeni matawi upande ule." Basi. Ndani walikuwa wamekufa wawili kwa siku moja, nje amekufa mmoja kwa mwezi mzima. Hesabu hiyo aliifanya mwenyewe bila daftari.

Mfuko wa kwanza wa chakula uliisha kwa siku 15 kama kawaida. Wa pili ulifika siku 25, na wa tatu vivyo hivyo, ingawa kuku walikuwa wamekua. Kuku wa aina hii hawezi kuishi kwa kuchakura peke yake. Bado tuliwapa chakula asubuhi na jioni, pamoja na maji safi chini ya kivuli. Lakini sehemu kubwa ya riziki yao waliitafuta wenyewe. Wiki ya kwanza ya Januari, majogoo 22 waliuzwa sokoni Voi kwa shilingi 850 kila mmoja. Jumla ni shilingi 18,700. Godoro lilinunuliwa, sanduku lilinunuliwa, na sehemu ya karo ikalipwa. Yule tembe wa kijivu bado yuko, na sasa anataga.

Na mdogo wangu? Jambo hili hasa ndilo lililonifanya niandike. Kuna jioni moja katikati ya Disemba tulikuwa tunahesabu kuku wakipanda vidato, naye akamwuliza nyanya ghafla, "Kama yule wa kijivu angeteleza siku ya kwanza, ungemfanya nini?" Nyanya akasema, "Ningemwacha arudi ndani, halafu kesho ningefungua tena." Hawakusema zaidi. Lakini kesho yake mama alimpigia simu shangazi yetu anayeishi Wundanyi. Wiki iliyofuata mdogo wangu alipanda matatu, mimi nikiwa naye, tukapitia Mwatate na kuzipanda zile kona za mlima. Alilala kwa shangazi siku mbili. Alionyeshwa lango la shule yake, akaonyeshwa na stendi ya magari ya kushuka Voi, akajua nauli. Siku ya tatu alirudi peke yake. Mimi nilibaki kwa shangazi makusudi.

Januari alikwenda bweni. Alilia kidogo, sitawaficha. Lakini alikwenda kwa miguu yake.

Sasa wenzangu, tazameni shule yetu wenyewe. Mwaka huu tumepokea wanafunzi wa gredi ya kumi. Wengine wametoka Kasigau, wengine Taveta, wengine hapa hapa Voi mjini. Nimewaona siku za kwanza wamesimama kwenye mlango wa bwalo la chakula wakitazama kwa jicho moja halafu kwa jicho la pili. Nimesikia pia sauti za sisi wakubwa: "Nyinyi, tokeni hapo! Mnaogopa nini?" Tulikuwa na haraka za binamu yangu. Matokeo yake ni kwamba wamejirundika pembe moja, nasi tunasema hawachangamki.

Hata katika chama chetu hiki iko shida hiyo. Kila Alhamisi mwenyekiti huita mtu mpya asimame mbele ya ukumbi mzima ahutubie. Wengi hawarudi tena Alhamisi inayofuata. Si kwamba hawajui Kiswahili, maana kuongea hawafunzwi, huko mabwenini wanaongea mpaka usiku. Ule uwanja wa mbele ndio mweupe mno.

Napendekeza, kwa idhini ya walimu walezi, tujaribu njia ya nyanya. Mwanachama mpya asome aya moja tu akiwa amekaa mahali pake, kati ya marafiki zake. Atangulie mkubwa mmoja kusoma, amwite. Wiki ya pili asome akiwa amesimama. Akikwama, akae, na wiki ijayo aitwe tena bila kutajwa kosa lake. Mbele ya ukumbi atafika mwenyewe, tena mapema kuliko tunavyodhani. Mimi niko tayari kukaa na watakaoanza Alhamisi ijayo. Wanaotaka waje saa kumi na nusu, darasa la mwisho upande wa maktaba.